NDEGE YA RIMOTI YENYE INJINI MBILI: JENGA "MOSQUITO" YAKO, ILA SOMA HAPA KWANZA

Wengi wetu tulianza na vigari vya waya, tairi za ndala, unasukuma mtaa mzima mpaka mama anakuita ukale. Sasa kuna wanaotaka kupanda daraja: ndege ya rimoti, tena ya kivita, tena yenye injini mbili. Safi sana. Lakini kuna jambo moja ambalo video za kwenye mtandao hazikwambii. Ukiwa na injini mbili, tatizo lako si hizo mbili, tatizo ni siku utakayobaki na moja. Ukilijua hilo mapema, kila kitu kuanzia kuchora, kuunganisha nyaya mpaka kupaka rangi utakifanya kwa akili. Usipolijua, kazi ya miezi mitatu inaisha kwa sekunde mbili.

Mfano wetu leo ni de Havilland Mosquito ya Uingereza, yaani "Mbu". Haya, twende kazi.

KWA NINI MOSQUITO?

Kwa sababu ndege yenyewe ilijengwa karibu kama toi la kuunganisha. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ndege nyingi za kivita zilikuwa za alumini. Kampuni ya de Havilland ikaja na ndege ya mbao. Ya kwanza iliruka Hatfield tarehe 25 Novemba 1940, rubani akiwa Geoffrey de Havilland, mtoto wa mwenye kampuni. Mpaka uzalishaji unakwisha mwaka 1950 zilikuwa zimetengenezwa 7,781, huko Uingereza, Canada na Australia. Mafundi wa samani nao waliingizwa kwenye kazi hiyo.

Kiwiliwili kilikuwa sandwichi: mbao nyepesi ya balsa katikati, plaiwudi nyembamba ndani na nje. Kilijengwa vipande viwili, kushoto na kulia, kama ganda la karanga. Walipitisha nyaya na mabomba ndani vikiwa bado wazi, kisha wakavibandika pamoja. Bawa lilikuwa moja tu, kipande kimoja toka ncha hadi ncha.

Na wewe jenga hivyo hivyo: nusu mbili za kiwiliwili, bawa kipande kimoja, nyaya zote zipite kabla hujafunga. Ukifunga kwanza halafu ukumbuke waya, utakuja kukata ulichokijenga.

HESABU KWANZA, KISU BAADAYE

Tuchukue kipimo cha 1:10. Mosquito halisi ina upana wa mabawa wa mita 16.5 na eneo la bawa la mita za mraba 42. Upana unagawa kwa 10, unapata sm 165. Eneo hugawi kwa 10 bali kwa 100, manake urefu na upana vyote vimepungua mara kumi. Unapata mita za mraba 0.42.

Weka lengo la uzito kilo 3.2 ikiwa na betri. Hapo kila kipande cha bawa cha sm 10 kwa sm 10 kinabeba gramu 76 hivi. Kwa ndege ya kivita hiyo inarukika. Ukiongeza vikorombwezo mpaka kilo 4.5, kipande hicho hicho kinabeba gramu 107. Itaruka, lakini itataka kutua kwa mbio, na hapo ndipo watu wanaokota vipande. Kwa hiyo nunua mizani ya jikoni, pima kila kitu, andika kwenye daftari.

MALIGHAFI

Balsa huku kwetu ni ya kuagiza. Mwenye mfuko mwepesi anaweza kutumia foam bodi ya dukani kwa wauza vifaa vya ofisi, akaongeza plaiwudi nyembamba sehemu zenye kazi: mahali mota zinapofungwa, miguu ya tairi inaposhika, na pale bawa linapoingia kwenye kiwiliwili. Katikati ya bawa pitisha bomba la alumini au la kaboni, lipite chini ya mota zote mbili. Usiliishie kwenye kiwiliwili. Mota, betri na tairi ni mzigo, na mzigo unataka uti wa mgongo. Vijiti vya mishikaki ni vizuri kwa kushikilia viungo.

Wa pwani, Dar, Tanga, Mombasa, Zanzibar, sikilizeni hapa. Unyevu ni adui wa mbao na wa karatasi ya foam bodi. Hata Mosquito halisi zilipata kasheshe kwenye joto la India: mwishoni mwa 1944 baadhi zilivunjika mabawa zikisimamishwa ili zikaguliwe, na viungo vya gundi vikawa moja ya mambo makubwa yaliyochunguzwa. Gundi ya mwanzo ilitokana na maziwa, baadaye wakahamia gundi ya kemikali. Kwa hiyo paka vanishi mapema, na viungo vya maana tumia gundi ya epoksi ya kuchanganya. Gundi ya moto ukiiacha ndege juani ndani ya gari inalainika, na mota inaachia.

BAWA NA MIZANI

Mambo mawili tu, lakini ni ya kufa na kupona.

Kwanza, bawa la Mosquito linakwenda likichongoka. Bawa la namna hii likiishiwa kasi huacha kubeba kuanzia nchani, upande mmoja unadondoka ghafla. Dawa yake ni kupinda ncha kidogo: ukingo wa nyuma wa ncha uwe juu kuliko wa kwenye shina, nyuzi 2 hivi. Fanya hivyo pande zote mbili sawasawa.

Pili, mahali pa kusawazishia. Gawa eneo kwa upana (0.42 kwa 1.65) unapata upana wa kati wa bawa, kama sm 25.5. Anza na asilimia 25 ya huo, yaani sm 6.4 kutoka ukingo wa mbele wa sehemu hiyo ya kati ya bawa. Ukiinyanyua ndege kwa vidole hapo inatakiwa ikae sawa au iiname pua kidogo. Mkia ukiwa mzito, usiruke. Pua ya Mosquito ni fupi, kwa hiyo kila gramu unayoiongeza mkiani inadai gramu kadhaa mbele. Jenga mkia mwepesi, betri isogee puani.

UMEME: HAPA NDIPO MOTA MOJA INAPOFIA

Zamani injini ndogo za mafuta zilizimika ovyo, ndiyo maana ndege za injini mbili ziliogopwa. Mota za umeme zimepunguza tatizo ila hazijalimaliza.

Kwa kilo 3.2 hesabu wati 900 jumla, yaani wati 450 kila mota. Kwa betri ya LiPo ya seli 4 (volti 14.8) kila mota itakula ampea 30 hivi. Kidhibiti mwendo cha kila mota, kile kinachoitwa ESC, kiwe cha ampea 45 au 50 ili kisichemke. Betri ya mAh 5000 ukitumia asilimia 80, kwa wastani wa ampea 30 kwa mota zote mbili, inakupa dakika 8. Usisubiri zote: weka kengele ya dakika 6 kwenye rimoti, utue ukiwa na akiba.

Sasa mitego:

1. Betri moja ilishe mota zote mbili. Ukiweka betri mbili, kila moja na mota yake, moja itaisha kabla ya mwenzake na ndege itageuka bila kukuomba ruhusa.

2. ESC nyingi hukata moto betri ikishuka. Mbili haziwezi kukata sekunde ile ile. Zipange zipunguze nguvu polepole badala ya kuzima, na utegemee kengele yako.

3. Zifundishe ESC zote mbili mwanzo na mwisho wa mkono wa moto kwa rimoti hiyo hiyo. La sivyo moja itaanza kuzunguka kabla ya nyingine.

4. ESC zenye kutoa umeme wa risiva: waya mwekundu wa moja uchomoe, zisigombane. Au weka kifaa cha pekee cha kulisha risiva na sevo.

5. Lehemu. Kiungo kilicholehemiwa vibaya ndicho kinachoua mota hewani. Vuta kila waya kwa mkono. Ukichomoka, shukuru umechomokea mezani.

Rimoti iwe ya 2.4 GHz yenye chaneli 6 au zaidi. Kila mota ipe chaneli yake, usiziunganishe kwa waya wa matawi mawili. Utaona faida yake muda si mrefu. Pia panga risiva ikipoteza mawimbi, mota zote zizime.

PROPELA ZIZUNGUKE WAPI?

Kwenye Mosquito halisi propela zote mbili zilizunguka upande mmoja, ukitazama toka nyuma ni kama mshale wa saa. Matokeo yake ndege ilivuta kushoto wakati wa kupaa, na marubani walitanguliza kidogo mkono wa moto wa injini ya kushoto kuituliza. Pia injini ya kushoto ikifa ilikuwa mbaya zaidi kuliko ya kulia.

Wewe una nafasi waliyoikosa wale marubani. Mota ya umeme ukibadilishana nyaya mbili kati ya zile tatu, inazunguka kinyume. Fanya propela ya kushoto izunguke kama saa na ya kulia kinyume chake, juu zikielekea kwenye kiwiliwili. Mvuto unafutana, na hakuna upande ulio mbaya kuliko mwingine. Ila nunua propela ya kinyume kwa upande wa kulia. Ukigeuza tu ile ya kawaida mbele nyuma haitasaidia: ikizunguka kinyume bado itasukuma ndege kurudi nyuma.

Wanaopenda uhalisia watasema si sahihi. Ni kweli. Lakini ikiwa hewani nani atakaa ahesabu zinazunguka wapi?

KUIPENDEZESHA

Kosa la wengi: wanachora mistari ya mabati na ribiti kila mahali. Mosquito ni ya mbao! Juu ya plaiwudi walivisha kitambaa chepesi cha pamba, jamii ya bafta, wakapaka dawa ya kukikaza, kisha rangi. Kwa hiyo kiwiliwili kinatakiwa kiwe laini, piga msasa mpaka king'ae. Mistari weka kwenye makasha ya injini na vifuniko tu.

Rangi unachagua mwenyewe: bluu ya ndege za kupiga picha, nyeusi ya wawindaji wa usiku, kijani na kijivu pamoja na mistari myeupe na myeusi ya Juni 1944, au ya kiraia. Ndiyo, ya kiraia: shirika la BOAC lilitumia Mosquito kwenda Sweden wakati wa vita, na abiria alilala kwenye chumba cha mabomu. Chini ya bawa moja weka rangi kali au ukanda mpana. Ndege hii kwa mbali ni kivuli tu, na lazima ujue inakuja au inaondoka.

SIKU YA MOTA KUFA

Tuseme ndege imepaa, ipo mita 10 juu, mota ya kushoto inakata. Pua inachota kushoto, bawa la kushoto linazama. Mkono wako utataka kufanya mambo mawili: kuongeza moto na kuvuta pua juu. Yote mawili yanaua. Mota ya kulia ikiongezwa ndiyo inayoizungusha ndege, na pua ikipanda kasi inaisha, usukani wa mkia hauna tena hewa ya kushika.

Fanya kinyume. Punguza moto, mara moja. Shusha pua ulinde kasi. Usukani wa mkia upeleke upande wa mota iliyo hai. Tua mbele yako, hata kama ni kwenye majani. Ukiwa juu sana na una kasi, unaweza kurudi kwa moto wa wastani, ukikata kona kubwa kuelekea upande wa mota nzima. Geoffrey de Havilland aliwaonyesha wageni Mosquito ikibingirika hewani injini moja ikiwa imezimwa. Aliweza kwa sababu alikuwa na kasi ya kutosha kabla hajaanza.

Zoezi: ukishairusha mara mbili tatu na kuizoea, panda juu sana, shusha mota moja kwa swichi (ndiyo faida ya chaneli mbili), ujifunze tabia yake. Irudishe, kisha jaribu ya pili. Afadhali uipate hofu ukiwa mita 80 kuliko mita 10.

Na kabla ya yote, kama hujawahi kurusha, usianze na hii. Anza na ndege ya mafunzo yenye mota moja na bawa la juu. Hata hapo kafe unaweza kujifunza mkono: zipo programu za kuigiza urushaji za bure kama PicaSim.

Mwisho, sheria. Kenya ina kanuni za mwaka 2020 za vyombo vya angani visivyo na rubani, na Tanzania nayo inadhibiti. Nenda kaulize TCAA au KCAA kabla hujaagiza kifaa kisije kikakwama forodhani. Usirushe jirani na uwanja wa ndege wala juu ya watu. Betri za LiPo usiziache zikichaji huku umelala.

Kata, bandika, pima. Na kabla ya kila ruko jiulize swali moja: mota ikifa sasa hivi, natua wapi? Kama huna jibu, bado hujawa tayari kupaa.

Mwenye swali au mwenye yake inayojengwa uani, atupie hapo chini. Kila la heri wadau.