Haki ya Fundi ni Bei Yake



Katika tafakari ya juma hili tunapenda kuitazama historia ya duka. Huenda mtu akauliza: duka lina nini cha kutufundisha? Tunaamini linalo, kwa kuwa lilizaliwa na swali tunalokutana nalo sote sokoni: je, maskini apewe sadaka, au alipwe haki yake?

Mwaka 1946, mama mmoja wa Marekani, Edna Ruth Byler, mkazi wa mji wa Akron huko Pennsylvania, alifuatana na mumewe kwenda Puerto Rico. Mumewe alikuwa mtumishi wa Mennonite Central Committee, shirika la misaada la Wakristo wa Kimennonite. Kanisa hilo si geni kwetu. Wamisionari wake walifika Shirati, mkoani Mara, mwaka 1934. Katika bonde la La Plata, kisiwani Puerto Rico, Mama Byler aliwakuta wanawake maskini wakitarizi vitambaa kwa ustadi mkubwa. Kazi waliijua, walichokosa ni mnunuzi.

Mama huyo hakupitisha bakuli la mchango. Alivichukua vitambaa hadi kwao, akawauzia jirani na marafiki, akazunguka navyo ndani ya gari lake, na fedha akawarudishia waliovitarizi. Baadaye zikaongezeka kazi za wakimbizi wa Kipalestina na za mafundi wa Haiti, hata chumba cha chini cha nyumba yake kikageuka kuwa duka. Mwaka 1968 kazi hiyo ilipewa jina la SELFHELP Crafts, na mwaka 1996 ikaitwa Ten Thousand Villages, yaani Vijiji Elfu Kumi.

Utaratibu wake ni huu: bei hupatanwa na fundi mwenyewe; nusu ya malipo hutolewa kazi inapoagizwa, na nusu ya pili bidhaa zinaposafirishwa. Anayewafahamu mafundi ataona uzito wa jambo hilo. Fundi asiye na mtaji hukopa ili anunue ukili au mbao, na kazi ikiisha kuuzwa, faida huliwa na mkopeshaji.

Baba Mtakatifu Paulo VI, katika waraka wake Populorum Progressio wa mwaka 1967, alifundisha kwamba mapatano ya watu wasiolingana nguvu hayawi ya haki kwa sababu tu wote wawili wameridhia. Naam, mwenye njaa huridhia bei yoyote.

Hatusemi kwamba njia hii ni nyepesi. Mwaka 2020 shirika la jina hilohilo nchini Kanada lilitangaza kuyafunga maduka yake lenyewe. Biashara ya haki nayo ni biashara. Wanunuzi wakikosekana, huruma peke yake haiwezi kulipa kodi ya pango.

Basi tujihoji. Misa imekwisha, na nje ya kanisa mama ametandaza vikapu vyake. Sadaka tumekwisha kuitoa kwa moyo mkunjufu. Kisha tunasimama mbele yake, tunamshusha bei, tunamshusha tena, mpaka anakubali kwa kuwa nyumbani hakuna unga. Tunaondoka tukijisifu kwamba tumepata kwa bei nafuu. Lakini ile tofauti ya bei, ni nani aliyeilipa?

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.