Mbaruti na Mwiba wa Maria: Historia ya Dawa ya Ini na Jina Lake

Katika makala haya twanuia kueleza historia ya mmea mmoja wa Ulaya ambao mbegu zake zimetumiwa kwa karne nyingi kutibu maradhi ya ini, na ambao siku hizi huuzwa katika maduka ya dawa ya miji yetu, ndani ya visanduku vyenye picha ya ua la zambarau. Huenda msomaji akauliza: mambo ya maini yawahusuje walimu wa Kiswahili? Jibu lilitufikia darasani. Mwanafunzi wetu mmoja, mtu mzima, alipewa kazi ya kufasiri maandishi aliyoyachagua mwenyewe, naye akaleta karatasi iliyotoka katika kisanduku cha dawa ya baba yake, aliyekuwa akiugua ini. Jina la mmea alilifasiri, kwa msaada wa kamusi, "mbaruti wa maziwa". Tuliona tafsiri ni safi, tukampa alama zake zote. Wiki iliyofuata akatuambia kwamba baba yake mdogo, baada ya kusomewa tafsiri ile, ameona upuuzi kununua dawa ghali ilhali mbaruti umejaa nyuma ya nyumba, na tayari ameanika mbegu zake juu ya mkeka.

Tuutazame kwanza mmea wa kwenye kisanduku. Kwao ni nchi zinazoizunguka bahari ya Mediterania, ingawa umekwisha kuenea mabara mengi. Huweza kupita kimo cha mtu, majani yake ni mapana yenye miiba pembeni, na juu yake yana michirizi meupe kama kwamba mtu ameyamwagia maziwa. Masimulizi ya Wakristo wa Ulaya ya zamani yasema kuwa Bikira Maria, alipokuwa akimnyonyesha mtoto, alidondosha matone ya maziwa juu ya majani hayo, na alama yakabaki. Ndiyo sababu Wajerumani na Wafaransa huutaja mmea huu kwa jina la Maria, na Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, alipouandika mwaka 1753 aliuita *Carduus marianus*. Mwaka 1791 Gaertner aliuhamishia katika jamii nyingine, na tangu hapo jina lake la kitaalamu ni *Silybum marianum*. Sisi katika makala haya tutauita mwiba wa Maria.

Kabla haujawa dawa ya ini, mwiba huu ulikuwa mboga. Dioscorides, tabibu Mgiriki wa karne ya kwanza, aliandika kwamba machipukizi yake huchemshwa yakaliwa kwa mafuta na chumvi, na kwamba maji ya mizizi yake pamoja na asali humtapisha mtu. Plinio, Mrumi wa karne hiyo hiyo, ndiye hutajwa kuwa wa kwanza kuuhusisha na nyongo. Tangu hapo nyongo haikuuacha tena. Matabibu wa Ulaya waliamini kwamba mwili huendeshwa na majimaji manne, mawili kati yake yakiwa nyongo ya manjano na nyongo nyeusi, na kwamba nyongo nyeusi ikizidi mtu huwa na huzuni isiyo na sababu. Basi John Gerard wa Uingereza, katika kitabu chake cha mimea cha mwaka 1597, aliusifu mwiba wa Maria kwa magonjwa ya huzuni. Na Nicholas Culpeper, katika karne ya 17, akausifu kwa kuzibua ini na wengu na kuondoa umanjano wa macho. Asiwepo wa kuwacheka. Sisi tusemao kuwa jambo limetumbukia nyongo, na kwamba maneno ya fulani yamekata maini, tumeyaweka moyoni mwa lugha yetu mawazo ambayo hayako mbali sana na yao.

Mtu aliyeutoa mwiba huu katika vitabu vya zamani akauingiza katika chumba cha mgonjwa ni Johann Gottfried Rademacher, daktari wa mji mdogo wa Goch, Ujerumani, aliyeishi kati ya mwaka 1772 na 1850. Alikuwa mtu wa fikira za pekee. Aliamini kuwa ugonjwa hutambulikana kwa dawa inayouponya, wala si kwa dalili zake. Akizitengeneza mbegu za mwiba wa Maria, akawanywesha wagonjwa wa ini na wengu, na katika miaka ya 1840 akaandika kitabu kikubwa juu ya uzoefu wake. Nadharia yake haifundishwi tena. Lakini ni yeye aliyekaza kwamba dawa imo katika mbegu, na katika hili wakemia wa baadaye walimwona kuwa amesema kweli.

Wakemia hao walifika mwaka 1968. Katika chuo kikuu cha Munich, Hildebert Wagner na wenzake walichambua mbegu hizo wakapata mkusanyiko wa kemikali unaoitwa silimarini, na mwaka uliofuata dawa yake ikaanza kuuzwa Ujerumani. Mwaka 1986 tume ya serikali ya huko iliyochunguza dawa za mitishamba iliiruhusu kutumika kwa ini lililodhuriwa na sumu, na kama msaada katika ugonjwa sugu wa ini. Tuliangalie vema neno hili "msaada", kwa maana wauzaji wengi hupenda kuliruka.

Sifa kuu ya mwiba wa Maria inatokana na uyoga. Misituni Ulaya huota uyoga uitwao *Amanita phalloides*, ambao mtu mmoja asiyeujua huweza kuuchuma, kuupika na kuwaua jamaa zake wote kwa mlo mmoja. Mlaji hatapiki mara moja. Hupita saa 6 au zaidi. Kisha hutapika na kuharisha sana, halafu huonekana amepata nafuu, kumbe wakati huo sumu iko ndani ya ini ikizizuia chembe zake zisiweze kutengeneza protini zinazoziweka hai. Madaktari wa Ulaya humdunga mgonjwa wa namna hii silibinini, ambayo ndiyo kiini cha silimarini, kwa njia ya mshipa. Kazi yake ni kuziba mlango ambao sumu huutumia kuingia katika chembe za ini. Majaribio juu ya wanyama na kumbukumbu za wagonjwa wengi zaonyesha kwamba husaidia, ijapokuwa haijawahi kupimwa kwa kuwagawa wagonjwa makundi mawili na kulinyima kundi moja dawa; na nani angethubutu? Lakini hiyo ni sindano ya hospitali, hutolewa kwa saa na kwa kipimo. Vidonge vya dukani ni jambo jingine, na sifa za sindano haziwezi kuazimwa na kidonge.

Je, vidonge vyenyewe? Hapa habari ni za mchanganyiko. Mwaka 1989 madaktari wa Austria walitangaza matokeo ya wagonjwa 170 wenye ini lililosinyaa na kuwa gumu. Baada ya miaka 4, asilimia 58 ya waliopewa silimarini walikuwa hai, na asilimia 39 ya waliopewa vidonge vitupu. Wengi walifurahi. Lakini mwaka 1998 madaktari wa Hispania, wakiwachunguza wagonjwa 200 walioharibika ini kwa ulevi, hawakuona tofauti yoyote ya vifo. Mwaka 2012 Wamarekani walitangaza utafiti wa wagonjwa 154 wa homa ya ini aina ya C: waliopewa silimarini, hata kwa kipimo kikubwa, hawakupata nafuu kuliko waliopewa vidonge vitupu. Kwa maoni yetu, atakayeuita mwiba wa Maria dawa iponyayo homa ya ini amevuka mpaka wa yale yanayojulikana.

Kuhusu usalama wake, mwiba wa Maria una heri kuliko mitishamba mingi. Wengi huutumia bila kudhurika, isipokuwa kuharisha kidogo au kichefuchefu. Wenye kudhuriwa na mimea ya jamii ya alizeti na krisantemu huweza kuwashwa mwili au kuvimba. Huweza kushusha sukari ya damu, basi mgonjwa wa kisukari anayetumia dawa hana budi kumwarifu daktari wake. Juu ya mwanamke mja mzito hapana ushahidi wa kutosha, na kunyamaza kwa ushahidi si ruhusa. Isitoshe, mwaka 2015 watafiti wa Czech walipopima bidhaa za mitishamba walikuta kwamba zile za mwiba wa Maria ndizo zilizokuwa na sumu nyingi zaidi za ukungu, sumu za jamii ile ile inayotusumbua katika mahindi na karanga zilizohifadhiwa vibaya.

Sasa turudi kwenye mkeka. Mbaruti uotao nyuma ya nyumba zetu ni *Argemone mexicana*, mmea uliotoka Meksiko na nchi jirani zake ukaenea dunia nzima ya joto. Majani yake yana miiba, na kando ya mishipa yake yana weupe. Mwenye haraka atasema ndiyo yale yale ya picha. Walakini ua lake ni la manjano, petali zake chache na laini, na ukiukata mmea hutoa utomvu wa manjano. Mbegu zake ni ndogo, nyeusi, za mviringo, mfano wa punje za baruti. Mwiba wa Maria una kichwa cha zambarau kilichozungukwa na miiba mirefu, na mbegu zake ni kubwa zaidi, bapa, zenye kung'aa. Mimea hii miwili si ndugu hata kidogo.

Mbegu za mbaruti zina sumu. Mafuta yake, yakichanganywa na mafuta ya haradali kwa uzembe au kwa udanganyifu, yamewaua watu wengi India: miguu huvimba, pumzi huwa nzito, na moyo hushindwa kazi. Delhi, mwaka 1998, walikufa watu zaidi ya 60. Mgonjwa wa ini, ambaye pengine miguu yake imekwisha kuvimba, angekunywa maji ya mbegu hizo na watu wa nyumbani wangedhani ni ugonjwa umezidi.

Watafsiri wa Biblia waliposema mibaruti katika Mathayo sura ya 7, walifanya vema: palihitajika mmea wa miiba usiozaa tini, na msikilizaji aliufahamu mara moja. Hapana anayechemsha sura ya Injili akainywa. Kamusi nayo, inapomweleza mtu mmea wa miiba wa kigeni kwa neno mbaruti, imemfaa msomaji wa hadithi. Karatasi ya dawa ina sheria nyingine, na kosa lilikuwa letu sisi tuliosahihisha zaidi kuliko la mwanafunzi. Tumekubaliana darasani kwamba jina la mmea wa dawa liandikwe kwanza kwa jina lake la kitaalamu, halafu lifuatwe na maelezo ya ua, jani na utomvu, na kwamba jina la mmea wa kwetu lisitumiwe ila pale mmea ni ule ule. Jina "mwiba wa Maria" twalitoa kwa wenzetu walichambue. Anayejua lililo bora na alilete.

Mbegu zilizokuwa mkekani zilimwagwa chooni siku ile ile, kwa maana mwanafunzi alirudi nyumbani kabla ya kipindi kwisha. Baba yake alipelekwa hospitali akapimwa, ikaonekana ana homa ya ini aina ya B. Akaanzishiwa dawa ya kumeza kila siku, na watu wa nyumbani wakapimwa na kuchanjwa. Vidonge vya mwiba wa Maria daktari alimruhusu avimalize, akimwambia kwamba havitamponya.