Umeshuka Melini, Kadi ya Chumba Imepotea: Stori ya Kadi Moja Kutoka Papenburg Mpaka Kigoma

Machi 2024 kuna watu nane walijikuta kisiwa cha São Tomé, kule magharibi mwa Afrika, wanaitazama meli yao na hawaruhusiwi kupanda. Wamarekani sita, Waaustralia wawili, mmoja wao mjamzito. Walikuwa wameshuka kutembea, siyo na ziara ya meli bali na mtu waliyemtafuta wenyewe, wakachelewa kurudi. Walinzi wa pwani wa pale wakawaonea huruma, wakawapakia kwenye boti mpaka karibu na meli iliyokuwa bado imetia nanga. Nahodha akagoma. Paspoti zao zikaachwa kwa wakala wa meli bandarini, meli ikang'oa nanga ikasepa.

Watu wale walikatiza nchi kibao kuifukuzia. Wakaenda kuisubiri Gambia, meli ikashindwa kuingia Banjul kwa sababu ya maji kupwa. Wakaja kuipata Dakar, Senegal. Majina yao tunayaacha, dunia nzima ilishawachamba vya kutosha.

Meli yenyewe inaitwa Norwegian Dawn. Kama uko Dar unaweza kuikumbuka, maana Januari mwaka huohuo ilitia nanga bandarini kwetu ikiwa na watalii zaidi ya 2,000 na picha zikajaa mitandaoni.

Sasa wakati watu wanabishana kama nahodha ana roho mbaya au yuko sahihi, mimi nilibaki na swali dogo tu. Meli ina watu zaidi ya elfu mbili. Ilijuaje kwamba wanaokosekana ni nane, na ni hawa nane hasa, mpaka ikachambua paspoti zao na kuziacha? Hakuna mtu anayepita anahesabu vichwa kama mwalimu wa darasa la pili. Jibu ni ile kadi ya chumba, ile ambayo kila anayepanda meli kubwa anaogopa kuipoteza.

Tuanze na hilo la kuogopa. Chukulia mtu kashuka Zanzibar, kala urojo, kazunguka Forodhani, anarudi bandarini Malindi anapapasa mfukoni, kadi hakuna. Presha inapanda. Ukweli ni kwamba hilo ni jambo dogo kuliko anavyodhani. Anaonyesha kitambulisho chake kingine, walinzi wanaingiza jina kwenye kompyuta, sura yake inatokea kwenye kioo kwa sababu alipigwa picha siku ya kwanza alipopanda. Anaenda mapokezi, kadi ya zamani inauawa, anapewa mpya. Dakika chache tu. Aliyeiokota kule sokoni hana cha kufanya nayo. Akienda nayo kwenye ngazi ya meli, itatokea sura isiyo yake. Na meli nyingi haziandiki namba ya chumba juu ya kadi, makusudi kabisa. Ila ukipoteza kadi na ukachelewa, hapo ndugu yangu umeumia, na kilichokuumiza ni saa, siyo kadi. Ndiyo maana wazoefu hushuka na picha ya paspoti kwenye simu na namba ya wakala wa meli wa bandari ile.

Hii akili ya kuua kadi na kutoa nyingine imetoka wapi? Hapa kuna stori ya staa. Mwaka 1974 mwimbaji mmoja wa Marekani, mwanamke aliyekuwa na jina kubwa sana enzi zake, alivamiwa na kubakwa ndani ya chumba cha hoteli jimbo la New York baada ya shoo. Aliishtaki hoteli kwa kushindwa kumlinda, akashinda, akalipwa fidia kubwa. Habari ile ilimfikia fundi wa makufuli wa Norway, Tor Sørnes. Yeye akajiuliza: tatizo la ufunguo wa chuma ni kwamba mgeni anaondoka lakini ufunguo unabaki vilevile. Aliyekaa mwezi jana, aliyeuchonga pembeni, aliyeuokota, wote wanaweza kufungua mlango wako usiku wa leo. Akatengeneza kufuli linalosoma kadi ya plastiki yenye matundu, na kila mgeni mpya anakuja na mpangilio wake wa matundu. Ukiingia wewe, kadi ya aliyekutangulia inakuwa plastiki tu. Baadaye matundu yakawa sumaku, sumaku ikawa chipu.

Hiyo ni ya mlango. Kazi ya pili, ya kuhesabu watu, ilisukumwa na damu. Oktoba 1985 meli ya Italia, Achille Lauro, ilishusha abiria wake wengi Alexandria, Misri, waende kuona mapiramidi kisha waikute meli Port Said. Mle ndani walibaki wachache, na kati yao wanaume wanne wenye silaha waliokuwa wamepanda Genoa kama abiria wa kawaida. Wakaiteka. Mzee mmoja Mmarekani, anayetembelea kiti cha magurudumu, aliuawa. Baada ya hapo dunia ya meli ilianza kuuliza kwa ukali nani anapanda na nani anashuka, na tangu Julai 2004, baada ya mashambulizi ya Septemba 11, ulinzi wa meli na bandari ukawa sheria ya kimataifa yenye kanuni ndefu. Siku hizi ukishuka kadi inalia mlio, ukirudi inalia tena. Usipolia mara ya pili, jina lako linabaki jekundu.

Sasa njoo nyumbani.

Norwegian Dawn ilijengwa kwenye karakana ya meli ya Meyer, mji wa Papenburg, Ujerumani, ikaanza kazi mwaka 2002. Karakana hiyohiyo, mwaka 1913, ilijenga meli nyingine ambayo watu wa Kigoma hawahitaji kuambiwa jina. MV Liemba. Yaani hizi ni ndugu wa baba mmoja, wamepishana karibu miaka tisini, mmoja akaenda kuogelea bahari za kitajiri na mwingine akaja kubeba dagaa na mawese.

Stori ya Liemba ni kama filamu. Wajerumani waliijenga pale Papenburg, wakaibomoa, wakaipakia kwenye makasha kama 5,000, ikaja kwa meli mpaka Dar es Salaam na kwa treni mpaka Kigoma. Reli ilikuwa imefika Kigoma 1914, na kuanzia hapo Ujiji, mji mkubwa wa misafara kwa miaka na miaka, ukaanza kuachwa nyuma na jirani yake mwenye stesheni na bandari ya kina kirefu. Mafundi watatu kutoka Papenburg walikuja kuiunganisha upya. Ikashushwa majini 1915 kwa jina la Graf von Goetzen. Vita vilipowaelemea Wajerumani, Julai 1916 waliizamisha wenyewe, karibu na mdomo wa mto Malagarasi, lakini kabla ya hapo mafundi wakazipaka injini grisi nzito ili zisioze. Unaona akili hiyo? Unazika kitu huku unategemea kukifukua. Wabelgiji waliiinua, ikazama tena. Waingereza wakaiinua 1924, na Mei 1927 ikarudi kazini kwa jina jipya, Liemba, jina ambalo Livingstone alilisikia kwa watu wa kusini ya ziwa wakiliitia ziwa lao.

Na huyo Livingstone, kwa kupita tu: alirudi Ujiji Oktoba 1871 mgonjwa, hoi, akakuta mizigo yake yote aliyoitegemea imeshauzwa na aliyekabidhiwa. Huko Ulaya watu hawakujua kama yu hai au kafa. Ilibidi mwandishi wa gazeti atembee kutoka pwani kuja kumhakikisha kwa macho. Kuhesabu mtu mmoja tu ilichukua miezi.

Turudi kwenye meli. Liemba ilikuwa inatoka Kigoma kwenda mpaka Mpulungu, Zambia, urefu karibu wote wa ziwa lenye kilomita zaidi ya 670. Njiani inasimama Lagosa, Kalya, Karema, Kipili, Kasanga na vijiji vingine ambavyo vingi havina gati. Meli inasimama majini, inapiga honi, mitumbwi inatoka kijijini kama nyuki. Usiku wa manane, taa chache, watu wanapanda na kushuka kupitia uwazi wa ubavuni, mtoto anarushwa, gunia linarushwa, kuku anapiga kelele, mwingine anauza samaki hapohapo. Wazungu wanaopenda kusafiri kwa begi la mgongoni walikuwa wanaipenda sana sehemu hiyo. Mimi nikiiwaza naona kitu kingine: pale hakuna kadi inayolia. Kuna tiketi ya karatasi, na tiketi ya karatasi inasema umelipa. Haisemi umo.

Tofauti hiyo inaonekana ya kijinga mpaka siku meli inapozama.

Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama Ziwa Victoria ikikaribia Mwanza. Orodha ya abiria ilikuwepo ya daraja la kwanza na la pili. Daraja la tatu, walikojazana wengi, hakukuwa na orodha. Kwa hiyo mpaka leo ukiuliza walikufa wangapi, mmoja atakwambia 500, mwingine zaidi ya 800, mwingine 1,000. Fikiria hilo. Mamia ya watu ndani ya tofauti ya hesabu, na kila mmoja alikuwa na mama yake. Aliyekuwa na hela ya kitanda aliandikwa, aliyekaa sakafuni hakuandikwa.

Halafu miaka 22 baadaye, Septemba 2018, MV Nyerere ikapinduka mita chache kutoka Ukara. Kivuko cha watu 101. Miili iliyopatikana ilizidi 220. Na swali likawa lilelile, walikuwemo wangapi? Mkata tiketi alikuwa amekufa pia, na mashine yake ya tiketi ikapotelea majini. Hesabu yote ya kivuko ilikuwa kwenye mikono ya mtu mmoja na kifaa kimoja, vyote vikiwa ndani ya kivuko hichohicho. Hata kama angebaki hai, mashine ingehesabu tiketi, siyo mtoto aliyebebwa mgongoni wala aliyerukia dakika ya mwisho.

Kuna atakayesema hatuna hela za meli za kitalii. Sawa, lakini hapa sizungumzii bwawa la kuogelea. Sheria ya kimataifa ya usalama wa meli inataka watu wahesabiwe kabla ya meli kuondoka, na idadi ibaki kwa mtu aliye nchi kavu. Hilo la nchi kavu ndilo lenye maana. Daftari na kalamu vinatosha, ilimradi daftari libaki gatini na meli iondoke. Mabasi ya mikoani siku hizi wanakukatia tiketi mtandao, jina na namba ya simu. Basi linajulikana nani yuko siti namba 14. Ila panda boti pale Kibirizi uelekee vijiji vya kaskazini, uliza nani kaandika jina lako.

Lakini Liemba iliwahi kufanya kazi ya kuhesabu, na ilikuwa kazi ngumu kuliko ya meli yoyote ya kitalii. Mei 2015 Burundi ilichafuka, makumi ya maelfu ya watu wakavuka na kurundikana Kagunga, kijiji kidogo cha mpakani kaskazini ya Gombe, kimebanwa kati ya mlima na maji, kipindupindu kikaingia. Hakuna barabara ya maana, hakuna gati. Liemba ikapelekwa, mwanamama wa miaka mia. Ikasimama majini, boti za wavuvi zikawa zinawaleta wakimbizi ubavuni, watu 600 kwa safari moja, mpaka Kigoma mjini, uwanja wa Lake Tanganyika, na kutoka hapo kwa mabasi kwenda kambi ya Nyarugusu. Piga hesabu mwenyewe: watu 30,000 ni safari 50.

Na 600 ndiyo ilikuwa idadi ya uwezo wa meli. Kule ufukweni kulikuwa na kila sababu ya kujaza 1,000: njaa, ugonjwa, vilio, watu wanaosukumana waingie. Wengine walibaki mchangani wanaiona inaondoka, kama wale nane wa São Tomé, ila hawa hawakuwa na paspoti kwa wakala wala hela ya safari ya Dakar. Walikuwa wanasubiri irudi, na ilirudi.

Baada ya miaka kadhaa Liemba ikasimama, ikawa inangoja matengenezo makubwa pale bandarini Kigoma. Siku itakapopiga honi tena usiku Lagosa na mitumbwi ikatoka, nitataka kujua kitu kimoja kabla ya rangi mpya na viti vipya. Pale kwenye uwazi wa ubavuni, nani amesimama na daftari?