Safu ya Lugha: Amana si arubuni

Hapa kartie Lumumba, Bunia, familia inayompeleka mgonjwa Kampala au India huulizwa mapema: "Mmekwisha kutuma kosyo?" Neno ni la Kifaransa, *caution*, yaani pesa inayotangulizwa, na wapangaji wa nyumba nao wanalijua. Sina ugomvi nalo. Kinachonikera ni kulitafsiri ovyo katika barua: huyu "dhamana", yule "arubuni", mwingine "amana", kana kwamba yote ni mamoja.

Amana, kutoka Kiarabu, ni mali uliyomkabidhi mtu aitunze. Bado ni yako. Mzizi wake ndio huohuo wa amini na imani. Arubuni, Kiarabu pia, hufunga mapatano: huhesabiwa ndani ya bei, na mnunuzi akigeuka, kwa desturi huipoteza. Dhamana ni ahadi au mali ya kuhakikisha kwamba mtu atatimiza wajibu wake, ndiyo maana mshitakiwa hutoka kwa dhamana.

Basi hospitali inayopokea pesa kabla ya upasuaji, ikakata gharama zake na kurudisha salio, imepokea amana. Isiyorudisha chochote isilitumie neno hilo. Kwa watu waliouza ng'ombe na shamba ili mama yao atibiwe, tofauti hiyo si ya kamusi tu: viza ikikataliwa, au mgonjwa akifariki njiani, watauliza pesa ni ya nani. Ndugu zangu, kabla ya kutuma dola, ombeni iandikwe wazi kwamba ni amana, na salio litarudishwa kwa nani, lini.