Fasihi ya Kiingereza na Kalamu ya Mwanafunzi katika Shule za Upili za Kenya

Historia ya ufundishaji wa fasihi ya Kiingereza katika shule za upili nchini Kenya aghalabu husimuliwa kama historia ya vitabu: kipi kiliondolewa, kipi kiliingizwa, na nani alighadhibika. Ni nadra wahakiki kuuliza mwanafunzi mwenyewe aliandika nini baada ya kuvisoma vitabu hivyo. Makala haya yanashikilia kwamba mageuzi ya kati ya 1968 na 1974 yalibadilisha kilichosomwa bila kuigusa sana kalamu ya msomaji.

Chanzo cha hali hiyo ni mtihani wa Cambridge uliotawala shule za kikoloni. Lugha ya Kiingereza na Fasihi ya Kiingereza yalikuwa masomo mawili. Insha ilikuwa mali ya somo la kwanza, na tamthilia ya Shakespeare mali ya la pili. Katika shule ya Alliance chini ya Carey Francis, aliyekuwa mwalimu mkuu kuanzia 1940 hadi 1962, wanafunzi walikariri na kuigiza Shakespeare jukwaani. Huko kulikuwa kuisoma fasihi kwa mwili na sauti, jambo lisilopaswa kubezwa. Hata hivyo, aliyeigiza mfalme jukwaani hakutarajiwa kumbuni mfalme wake.

Mlango ulifunguka Makerere, tena nje ya mtihani. Idara ya Kiingereza ya chuo hicho ilianzisha jarida la Penpoint mwaka 1958, na baadhi ya maandishi yake yakakusanywa na David Cook katika Origin East Africa (1965). Ngugi wa Thiong'o amesimulia jinsi alivyomsimamisha Jonathan Kariara, mmoja wa waliohusika na jarida hilo, akamwambia kwamba ameandika hadithi. Alikuwa hajaandika hata neno. Ikambidi aende akaiandike ili asiumbuke. Kisa hiki huchekesha, lakini kina somo la ufundishaji: kilichomsukuma Ngugi ni kuwapo kwa msomaji aliyesubiri hadithi, wala si mtahini aliyesubiri jibu. Mtaala uliosomwa Makerere wakati huo ulikuwa wa Kiingereza hasa, na bado kalamu ziliandika juu ya mugumo na vijiji vya nyumbani.

Oktoba 1968, Ngugi, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong waliandika waraka wao mashuhuri wa kutaka Idara ya Kiingereza ifutwe katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi na Afrika iwekwe katikati ya masomo. Miaka sita baadaye, Septemba 1974, Idara ya Fasihi na wakaguzi wa somo la Kiingereza wa Wizara ya Elimu waliwakutanisha walimu wa shule za upili katika Nairobi School ili kuujadili ufundishaji wa fasihi ya Kiafrika. Hoja yao ilikuwa ya haki: mtoto wa Kenya hakustahili kujiona mgeni katika kila ukurasa. Ila uzito wa mjadala uliangukia uteuzi wa matini. Achebe alipoketi mahali pa Dickens, mwanafunzi aliendelea kuulizwa maswali yaleyale ya wahusika, dhamira na muktadha.

Katika yote yaliyopendekezwa, fasihi simulizi ndiyo iliyobeba uwezekano mkubwa zaidi. Kitabu cha Jane Nandwa na Austin Bukenya, African Oral Literature for Schools (1983), kiliipa nafasi katika darasa la Kiingereza. Kwa mwanafunzi aliyekwenda kwa nyanya yake, akasikiliza ngano kwa Kikamba au Kijaluo, kisha akaiandika kwa Kiingereza, kusikiliza, kufasiri, kuhakiki na kutunga vilikuwa kazi moja. Alilazimika kuamua afanye nini na kiitikio kisichotafsirika, au na ucheshi uliotegemea mlio wa sauti. Hakuna zoezi la insha linalofundisha mtindo kwa ukali kama huo. Tatizo ni kwamba zoezi la namna hii huhitaji majuma kadhaa, ilhali mtihani huhitaji saa mbili au tatu.

Mfumo wa 8-4-4, ulioanza 1985, uliunganisha lugha na fasihi kuwa somo moja, na ungeweza kuwa daraja. Lakini tazama mtihani wa KCSE wa silabasi iliyotahiniwa mara ya kwanza 2006. Karatasi ya tatu ilikuwa na maswali matatu ya alama 20 kila moja: utungaji mmoja na insha mbili za vitabu teule. Hatimaye utungaji na fasihi vilikaa katika karatasi moja, ila kama wapangaji wasiosalimiana. Fasihi simulizi iligawanywa vipande, kingine katika stadi za kusikiliza na kuzungumza, kingine katika dondoo la kuchambuliwa. (Wapenzi wa Kiswahili wasicheke: katika somo lao, Insha na Fasihi zilikuwa karatasi mbili mbali kabisa.)

Mtaala wa umilisi, ambao wanafunzi wake wa kwanza walipangiwa kuingia gredi ya 10 mnamo Januari 2026, umelibakiza somo la Kiingereza kwa wote na kuifanya fasihi ya Kiingereza kuwa somo la hiari. Atakayeichagua fasihi atasoma zaidi. Asiyeichagua ataendelea kuandika insha, na walimu wake ndio watakaoamua kama kuna hadithi atakayopewa kuisoma kabla ya kushika kalamu.