Omu 50 Zilitoka Wapi? Historia Fupi ya Rejea ya Poti

Sisi wanafunzi wa uhandisi wa mawasiliano huchukulia majibu ya programu za uigaji wa sumakuumeme kana kwamba ni maumbile yenyewe yanayosema. Katika insha hii nadai kwamba majibu hayo yamebeba maafikiano ya watu, na asiyeyajua atayasoma vibaya.

Vigezo vya S hueleza ni kiasi gani cha wimbi lililoingia kwenye poti kinarudi na kiasi gani kinapita. Kiasi hicho hupimwa kwa kulinganisha na impedansi ya rejea. Tuchukue mzigo wa omu 75. Kwa rejea ya omu 50, mwakisiko ni (75 − 50) ÷ (75 + 50), yaani 0.2, takriban desibeli −14. Kwa rejea ya omu 75, mwakisiko ni sifuri. Mzigo ni uleule. Kilichobadilika ni kipimo.

Basi 50 ilitoka wapi? Mwaka 1929 Lloyd Espenschied na Herman Affel, wahandisi wa mfumo wa simu wa Bell nchini Marekani, waliomba hataza ya kebo ya koaksia. Hesabu za kebo yenye hewa ndani zinaonyesha kwamba upotevu huwa mdogo zaidi karibu na omu 77, ilhali uwezo wa kubeba nguvu huwa mkubwa zaidi karibu na omu 30. Kebo ikijazwa polithini, upotevu huwa mdogo zaidi karibu na omu 51. Kwa hiyo 50 ni suluhu kati ya mahitaji mawili, wala si sheria ya maumbile. Kebo za televisheni zilibaki na 75.

Mwaka 1965 Kaneyuki Kurokawa alichapisha makala kuhusu mawimbi ya nguvu, yaliyoruhusu rejea iwe namba changamano. Mwaka 1992 Roger Marks na Dylan Williams walionyesha kwamba mawimbi hayo si sawa na mawimbi yanayosafiri kwenye njia halisi. Rejea ikiwa namba halisi, fasili hizo mbili hutoa jibu moja. Ikiwa changamano, huachana.

Ubishi huo umo ndani ya programu zetu. Kikokotoo hupata kwanza modi ya poti, kisha hutoa vigezo vya S kwa impedansi ya modi hiyo. Mtumiaji ndiye anayeamua kama vigeuzwe kuwa vya omu 50. Kwenye bomba la mawimbi jambo ni gumu zaidi, kwa kuwa volteji haina fasili moja, na impedansi hutegemea fasili iliyochaguliwa. Hata faili za Touchstone, zilizoanza miaka ya 1980, hutaja rejea kwenye mstari wa juu. Isipotajwa, huchukuliwa kuwa 50.

Kwa maoni yangu, grafu ya mwakisiko isiyotaja rejea haijakamilika. Antena inayoonyesha desibeli −40 kwa rejea ya poti yake yenyewe yaweza kurudisha sehemu kubwa ya nguvu ikiunganishwa na redio ya omu 50, na mwenye kulipia kosa hilo ni mtumiaji aliye mbali na mnara. Kabla ya kusifu namba, tuulize: imepimwa dhidi ya nini?