Lori la muziki, kamba na bisi: historia ya trio elétrico ya Bahia

Leo naomba tuache kwanza habari za bumu kuchelewa na mambo ya kudisko, maana hayo yapo tu na kesho tutayakuta. Nataka tuongelee kelele. Ndiyo, kelele! Lile lori lenye spika zimepangwa mpaka juu, linakwenda mwendo wa konokono, jenereta inaunguruma nyuma na watu wanafuata kama nyuki. Sisi tumelizoea wakati wa kampeni na matangazo, tunaliona kama kitu cha kawaida ambacho hakina historia. Kumbe kina historia ndefu, na sehemu kubwa ya historia hiyo iko Brazili, katika mji wa Salvador, jimbo la Bahia.

Huwa tunaambiwa kwamba spika kubwa ni kitu cha watu wote. Sauti haina mlango, haina tiketi, ikishatoka imetoka. Kwa fizikia ni kweli. Ila Salvador walithibitisha kwamba unaweza kabisa kuiwekea sauti mlango, tena mlango wenyewe ni kamba tu. Twende taratibu.

Salvador ulikuwa makao makuu ya Brazili tangu 1549 mpaka 1763, na ni mji ambao wakazi wake wengi wana asili ya Afrika, kwa sababu ya biashara ya utumwa. Karnivali yake katikati ya karne ya 20 ilikuwa na ngazi zake. Familia zenye uwezo zilipita barabara kuu za mjini zikiwa ndani ya magari yaliyopambwa, zikirushiana karatasi za rangi, halafu usiku zinaingia klabu zao. Wengine wote wanasimama pembeni wanaangalia. Yaani mtaa ni wa wote lakini sherehe ni ya wachache.

Sasa hapo wanaingia washikaji wawili, Adolfo Antônio do Nascimento, aliyejulikana kama Dodô, na Osmar Álvares de Macedo. Dodô alikuwa fundi wa redio na Osmar alikuwa mtu wa karakana ya vyuma. Wote walipenda muziki kupita kiasi. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 waliona gitaa la kawaida lililofungwa kinasa sauti, wakavutiwa, lakini likawa na ugonjwa ambao kila fundi mitambo anaujua: ukiongeza sauti kidogo tu linaanza kupiga mluzi. Sababu ni kwamba gitaa la kawaida lina tumbo wazi. Sauti ya spika inarudi, inalitikisa lile tumbo, kinasa kinanasa mtikisiko huo na kuupeleka tena kwenye spika, na mzunguko unaendelea mpaka masikio yanaomba msamaha. Dawa yao ilikuwa rahisi mno. Wakaondoa tumbo. Wakachukua kipande cha mti mgumu usio na uwazi, wakafunga nyuzi na kinasa juu yake. Wakakiita pau elétrico, yaani mti wa umeme. Baadaye Armandinho, mtoto wa Osmar, naye mpiga gitaa hodari, ndiye aliyekipa jina la gitaa la Bahia, linalotumika mpaka leo.

Naomba msilipite haraka jambo hili. Bila kuua ule mluzi hakuna lori la muziki. Unaweza kuwa na betri, spika na gari, lakini kama chombo chenyewe kinalia kikikaribia spika, huwezi kukipandisha kwenye gari ambalo kila upande lina spika.

Kuhusu lililowapandisha kwenye gari, simulizi inayojulikana zaidi inasema kikundi cha Vassourinhas kutoka Recife kilipita Salvador kikipiga frevo, muziki wa kasi uliozaliwa kwenye bendi za matarumbeta za kijeshi. Watu wakapagawa. Dodô na Osmar wakajiuliza kama wanaweza kuuamsha mtaa namna ile wakiwa wawili tu. (Wale tuliosoma habari za beni huku pwani yetu tunacheka kidogo hapa, maana nayo iliiga bendi za kijeshi ikazigeuza kuwa gwaride la mtaani. Tarumbeta ndiyo ilikuwa spika ya watu kabla ya umeme.)

Karnivali ya 1950 wakatoa gari chakavu la Osmar, Ford ya mwaka 1929, lililopewa jina la utani Fobica. Wakalipaka rangi, wakafunga vipaza sauti vya tarumbeta, vile vya aina tunayoiona kwenye minara ya misikiti, wakachukua umeme kwenye betri na kuingia barabarani nyuma ya msafara wa magari ya wakubwa. Waliokuwa wamesimama pembeni wakashuka barabarani na kuanza kuruka nyuma ya gari. Inasimuliwa kwamba kuna wakati Osmar alimwambia dereva asimame, naye akajibu kwamba injini ameshaizima zamani, ni watu ndio wanaolisukuma gari. Iwe ilitokea hivyo hivyo au imenogeshwa kidogo na wazee, inaeleza vizuri kilichokuwa kinatokea. Gari la wenye nacho lilikuwa la kuangaliwa. Hili lilikuwa la kufuatwa.

Mwaka 1951 walipata gari kubwa zaidi na kumwongeza rafiki yao Temístocles Aragão. Wakawa watatu, ndiyo maana ya trio elétrico, watatu wa umeme. Baadaye jina likawahama watu likalihamia gari. Leo Salvador ukisema trio, hata kama juu yake kuna wanamuziki ishirini, unamaanisha lori lenyewe.

Mwaka 1952 likatokea jambo ambalo naona ni muhimu kuliko tunavyodhani. Kampuni ya soda ya pale mjini, Fratelli Vita, ikawapa lori. Kuanzia hapo kelele ikawa na mdhamini. Watu wanafuata muziki bure, lakini gharama yake analipa mwenye soda, na jina lake linapita mtaani pamoja na muziki. Siwalaumu kina Dodô. Ila tuandike pembeni: miaka miwili tu baada ya Fobica, tayari kuna mwenye bidhaa anayelipia mdundo.

Kwa nini lori likahitaji kuwa kubwa hivyo? Hapa turudi kwenye fizikia kidogo, msikimbie. Nje hakuna kuta za kurudisha sauti. Kila ukiongeza umbali mara mbili kutoka kwenye spika moja, kiwango kinashuka desibeli 6 hivi. Kwa upande mwingine, ukiongeza nguvu ya amplifaya mara mbili unapata desibeli 3 tu. Ili sikio la binadamu liseme "aisee, sasa imekuwa mara mbili," unahitaji nguvu kama mara kumi. Kwa hiyo umati ukikua, mitambo haikui kidogo kidogo, inaruka. Halafu kuna besi. Wimbi la sauti ya hezi 50 lina urefu wa karibu mita 7, na vile vipaza sauti vya tarumbeta haviliwezi. Vinatoa sauti kali ya katikati, inayofaa gitaa na matangazo, basi. Ukitaka kifua kitikisike unahitaji maboksi makubwa, na maboksi yanataka lori kubwa, jenereta kubwa na mafundi wanaojua kupanga uzito lori lisije likalala kwenye kona. Sauti nyembamba nazo zinamezwa na miili ya watu waliosimama mbele, hivyo spika zake zinapandishwa juu, na besi zinakaa chini tumboni mwa lori. Waimbaji wanakaa kileleni.

Mapinduzi hayo ya maboksi na amplifaya za transista yaliingia kwa kishindo kuelekea miaka ya 1980. Kabla ya hapo mengi yalikuwa yameshatokea. Mwaka 1969 Caetano Veloso alitoa wimbo unaoitwa Atrás do Trio Elétrico, maana yake "nyuma ya trio elétrico," ukaipeleka habari ya Bahia Brazili nzima. Mwaka huo huo utawala wa kijeshi ulimlazimisha kwenda uhamishoni London. Aliporudi 1972, Orlando Tapajós, mjenzi maarufu wa malori hayo, alimtengenezea trio ya heshima iliyoitwa Caetanave, yenye umbo la chombo cha kuruka. Kwa miaka yote hiyo trio zilikuwa zinapiga ala tu. Katikati ya miaka ya 1970 ndipo Moraes Moreira alipopanda juu na kuimba, na anatajwa kama mwimbaji wa kwanza wa trio. Aliyewahi kushika maiki mbele ya spika anaweza kukisia kwa nini ilichukua robo karne. Ule mluzi tena!

Mwimbaji akishakuwa juu, kuna nyota. Nyota akiwepo, kuna wanaotaka kuwa karibu naye, na wanaotaka kuwa karibu wako tayari kulipa. Hapo ndipo kamba inapoingia.

Vikundi vya Karnivali vinavyoitwa bloco vilikuwepo zamani, na kamba za kuwatenga wanachama wao na watu wengine zilikuwepo pia. Lakini vilipoanza kukodi trio, na hasa baada ya muziki wa axé kulipuka katikati ya miaka ya 1980, kamba ikawa biashara kamili. Unanunua vazi, na kuanzia miaka ya 1990 ni fulana inayoitwa abadá, na hiyo ndiyo tiketi yako. Ukiivaa unaingia ndani ya kamba iliyozunguka lori, unacheza kwa nafasi na ulinzi. Usipokuwa nayo uko nje, kati ya kamba na ukuta, mnabanana. Walio nje wana jina lao, pipoca, yaani bisi, kwa sababu wanarukaruka kama bisi kwenye sufuria.

Na kamba haijishiki. Inashikwa na watu wanaoitwa cordeiros, vibarua kwa maelfu, wengi wao weusi na maskini, wake kwa waume, wanaotembea saa nyingi wakivutwa huku na kusukumwa kule kwa malipo madogo ya siku. Glovu na viziba masikio ni vitu vilivyobidi kupiganiwa. Tukumbuke kwamba kwa viwango vya afya kazini, desibeli 100 unashauriwa usizidishe robo saa kwa siku bila kinga, na trio inavuka kiwango hicho bila kutoka jasho. Sasa angalia picha nzima. Mtoto wa yule aliyesimama pembeni akiangalia magari ya matajiri kabla ya 1950, miaka arobaini na kitu baadaye anashika kamba ili wengine wacheze. Lori lile lile lililowashusha barabarani limewarudisha ukutani.

Weusi wa Salvador hawakukaa kimya. Ilê Aiyê ilianzishwa mwaka 1974 katika mtaa wa Liberdade, ikatoka barabarani Karnivali ya 1975 kama bloco ya watu weusi watupu, kwa sababu bloco nyingine zilikuwa zikiwafungia mlango. Olodum ikafuata mwaka 1979. Nguvu yao ilikuwa ngoma, makumi kwa makumi. Lakini ngoma haina kitufe cha kuongeza sauti. Trio ikipita jirani, ngoma inazama. Hapo ndipo utajua kwamba sauti kubwa ni ardhi. Mwenye nayo anachukua eneo, na asiye nayo anasogea.

Je, hadithi imeishia pabaya? Hapana. Miaka ya 2010 kamba zilianza kupungua, biashara ya abadá ikayumba, na trio zisizo na kamba zikaongezeka, nyingi zikilipiwa na serikali ya mji na ya jimbo. BaianaSystem, kundi lililoanza 2009 na ambalo jina lake limeunganisha gitaa la Bahia na mitambo ya muziki ya mitaani ya Jamaika, linatoka na lori lake liitwalo Navio Pirata, meli ya maharamia, bila kamba, na bisi wote ndani. Karnivali zilisimama 2021 na 2022 kwa sababu ya korona, zikarudi 2023. Njia mbili kuu za msafara zina majina ya wale washikaji wawili: Dodô, aliyefariki 1978, na Osmar, aliyefariki 1997.

Lakini tusidanganyane, hata trio isiyo na kamba ina mlipaji. Serikali ikilipa, serikali ndiyo inachagua nani apande juu. Ndiyo maana mimi siamini kwamba mtambo ukishafungwa kwenye lori basi demokrasia imefika. Mwaka 1950 uzuri wa Fobica haukuwa ukubwa wa sauti yake, maana kwa vipimo vya leo ilikuwa inanong'ona. Uzuri ni kwamba hakukuwa na ndani wala nje.

Kwa hiyo siku lori la muziki mnene likipita mtaani kwenu, la soda, la simu au la mgombea, chezeni tu, sijakataza. Ila ulizeni maswali mawili: mafuta ya jenereta kanunua nani, na kamba iko wapi? Maana kamba nyingine hazionekani kwa macho.

Nawakilisha. Mwenye la kuongeza au kunikosoa, uwanja ni wenu.